Mama Usiguse na Kamera Yenye Doa

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita Mama Usiguse, lakini kila aliyewahi kuingia studio kwake alijua kwa nini. Ukiweka kiwiko juu ya meza ya kamera, "Usiguse!" Mwanao akisogea karibu na stendi ya miguu mitatu, "Mama, mshike mtoto, asiguse hapo!" Wateja walinuna, wengine waliapa hawarudi tena, halafu walirudi, kwa sababu picha za mwanamke yule zilikuwa picha kweli. Uso ulitoka uso, si kivuli chenye meno.

Alikuwa mtu wa hasira, tusifichane. Si hasira ya kuvunja vyombo. Ilikuwa ile ya mtu anayejua kitu kinavyotakiwa kufanywa, halafu anakaa kutwa nzima akitazama watu wakikifanya ovyo. Kwa hasira za namna hiyo hakuna dawa, na yeye hakuwa akiitafuta.

Kamera yenyewe aliinunua mkononi kwa mtu, baada ya kuazima za wenzake mpaka ikawa wakimwona anakuja wanafunga milango. Alipoipata aliitunza mno. Ndani ya begi lake alipanga vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Aliviomba kwenye maduka yote ya mtaa bila haya, maana msimu wa mvua lenzi huota ukungu kama mkate. Betri ikigoma kuchaji, alichukua kifutio cha penseli, akasugua vile vichuma vyake vya dhahabu mpaka ving'ae, akairudisha kwenye chaja. Kamera ikikataa kuwaka, alianza na kijimlango cha betri, aone kama kimebana. Aliwahi kumwona fundi akiifungua kamera ya mtu skrubu zote, kumbe ni kijimlango tu kilikuwa hakijafungwa sawasawa. Kisa hicho alikisimulia kila mara kwa hasira mpya, kana kwamba kamera ilikuwa yake.

Kadi za kumbukumbu alizipaka rangi ya kucha ili asizichanganye: ya kijani ya harusi, ya bluu ya mahafali, ya zambarau ya kazi za ofisi, na nyekundu, ya zamani na nzito kidogo kufanya kazi, akaibakiza studio. Yeye mwenyewe kucha zake hajawahi kuzipaka hata siku moja.

Sasa, ndani ya studio hiyohiyo alikuwamo mdogo wake, mtoto wa mwisho kwao, waliyemwita Kitinda tangu anatambaa. Huyu ni wa kuzaliwa naye tumbo moja ukajiuliza tumbo lilikuwa linafikiria nini. Mcheshi, mwepesi wa kuomba radhi, mwepesi zaidi wa kusahau alichoombea radhi. Kwenye kompyuta alikuwa na mkono mzuri, hilo dada yake alilikubali. Kwenye kamera alikuwa balaa.

Doa lilianza kwenye harusi moja ya uwanjani. Dada alikuwa na homa, akamwachia Kitinda kamera baada ya kumsomea masharti kama mgonjwa anayeacha wosia. Upepo ulikuwa unavuma, vumbi limesimama, na Kitinda akaona huo ndio wakati mzuri wa kubadilisha lenzi, palepale, mdomo wa kamera umetazama juu. Aliporudi alisimulia mwenyewe, tena anacheka.

"Dada, kuna kitu kiliingia ndani, lakini nimekitoa."

"Umekitoa na nini?"

"Nimepuliza."

"Umepuliza na pampu?"

"Pampu niliisahau nyumbani. Nimepuliza hivi tu." Akaonyesha kwa mdomo. "Halafu nikafuta na shati. Safi kabisa."

Mama Usiguse aliinuka kitandani na homa yake. Akachukua kamera, akapiga picha ukuta mweupe, akaikuza kwenye kompyuta. Hapo palikuwa na doa, jeusi katikati na kijivu pembeni, limeganda. Mate ya Kitinda na vumbi la uwanjani vimekorogeka juu ya sensa, kile kioo kidogo cha ndani kabisa kinachoipokea picha, ambacho yeye mwenyewe hakuthubutu kukigusa hata kwa pumzi.

"Umeitemea mate kamera yangu," alisema polepole. "Mtu mzima na ndevu zako. Umeitemea mate, halafu ukaifuta na shati ulilotolea jasho kutwa."

"Dada, doa lenyewe dogo hivyo?"

"Ondoka hapa kabla sijakurushia kitu."

Alijaribu kila alichokijua. Alipuliza kwa pampu ya mpira, kamera imetazama chini. Vumbi la juu likatoka, doa likabaki. Aligundua kwamba akilifungua tundu la lenzi sana doa linafifia, akilibana linarudi limekolea. Lakini picha za studio, zenye taa kali, zinataka tundu lililobanwa. Dawa ilikuwa vile vijiti maalumu vya kusafishia sensa na maji yake, na hapo mjini havikuwapo. Akaviagiza. Muuzaji akawa mtu wa kesho, na kila kesho ilipofika ilikuwa na kesho yake.

Kitinda hakuwa na muda wa kusubiri kesho za mtu. Kwa kuwa doa lilikaa mahali palepale kwenye kila picha, aliifundisha kompyuta kulifuta yenyewe. Unaingiza picha zote za kadi, unabonyeza mara moja, mashine inakwenda kwenye ile sehemu, inaifuta, inaipaka rangi ya jirani yake, na kuhifadhi juu ya ileile ya mwanzo ili nafasi isijae. Kitinda anakunywa chai. Alijisifu nayo mtaa mzima.

"Na ya mwanzo inakwenda wapi?" dada yake aliuliza.

"Ya mwanzo ya nini tena, dada, na safi unayo?"

Mama Usiguse alimtazama, akameza maneno yake, akaenda kuhudumia wateja. Ndilo jambo lililokuja kumkera kuliko yote, kwamba siku ile, kwa mara moja maishani, alinyamaza.

Mama yao mzazi hakuwa mtu wa picha. Alikuwa na alama nyeusi shavuni, kubwa kama punje ya pilipili manga, na tangu usichana wake alizoea kuifunika kwa kiganja kila alipoona kamera. Baba yao alimcheka kwa hilo maisha yao yote. "Mimi nilioa ile alama," alikuwa akiwaambia wageni, "huyu mwingine alikuja nayo tu." Mama angemrushia kitambaa cha mezani, wageni wangecheka, na kwenye picha ya siku hiyo angetokea tena amejishika shavu kama mtu anayeumwa jino.

Kwa hiyo alipoingia studio siku moja bila kuitwa, amevaa gauni lake la heshima, akasema, "Haya, nipigeni. Baba yenu anataka ya kuweka sebuleni, na mimi sitaki kusumbuliwa tena," Mama Usiguse alifunga mlango wa mbele ili asije mteja akamwondolea bahati. Alimkalisha kwenye stuli, akaweka kamera kwenye stendi, akatia kadi nyekundu. "Mikono mapajani, mama. Yote miwili."

Mama aliweka mikono mapajani. Alikaa kama anasubiri hukumu, lakini shavu lilikuwa wazi. Kitinda, kama kawaida yake, alisimama nyuma ya dada yake akifanya vituko. "Mama, cheka basi! Mama, unaogopa nani?" Mama akageuka kumfokea, kamera ikalia, Mama Usiguse akawafokea wote wawili, akaifuta ile palepale kwenye kamera, wakarudia upya.

Jioni hiyo alimwambia mdogo wake, neno kwa neno: "Picha za mama usizipitishe kwenye mashine yako. Nitazishughulikia mwenyewe kwa mkono."

"Sawa, dada."

"Umenisikia?"

"Nimesikia, dada, mimi si kiziwi."

Alizipitisha. Aliingiza kadi nzima, pamoja na picha ndogo za pasi za kusafiria za watu wengine, akabonyeza, akaenda kunywa chai. Halafu akaisafisha kadi, akafuta picha zote zilizomo, kama walivyozoea. Na kwa kuwa kazi zilikuwa nyingi, na vijiti havijafika, na mama alikuwapo tu, anakuja kila wiki kuuliza "picha yangu iko wapi nyie?", hakuna aliyezifungua tena. Kisha mama akaugua ghafla, akalazwa, na hakurudi nyumbani akiwa hai.

Mama Usiguse alizifungua picha zile asubuhi ya siku ya mazishi, macho yamevimba kwa kulia. Alichagua iliyotulia kuliko zote, akaiprinti kubwa kwenye karatasi nzuri, akaikimbiza nyumbani kwa baba yao. Alikuwa amechoka. Aliona mama yake, akaona gauni, akaona mikono mapajani, akaridhika.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Alivaa miwani. Aliitazama mpaka wanawake waliokuwa sebuleni wakaacha kuongea.

"Alama yangu iko wapi?" aliuliza.

Akaisogeza picha karibu na dirisha.

"Huyu ni mama yenu ameondolewa mama yenu," mzee alisema, sauti ikimkatika. "Mmemfuta. Hata hapa mmemfuta." Akaigeuza karatasi kifudifudi juu ya meza, akainamia magoti yake.

Mama Usiguse aliinyakua ile picha, akaitazama tena. Shavu lilikuwa laini, tupu. Doa lilikuwa limeangukia sehemu ileile ya shavu, na mashine, isiyojua mate wala mama, ilikuwa imefagia vyote viwili. Na si picha ile tu. Katika zote zilizohifadhiwa mama hakuwa ametikisika kwenye stuli. Zote zilikuwa hivyo.

Alipekua akilini kila picha ya mama aliyoijua. Nyingine haikuwapo. Kwenye simu za ndugu mama alikuwa amejishika shavu. Kwenye picha ya harusi alikuwa amejishika shavu. Mahali pekee duniani alipokubali kuonekana mzima palikuwa studio ya watoto wake, na watoto wake ndio waliomfuta.

Kisha akakumbuka kadi. Picha ikifutwa kwenye kadi haiondoki siku hiyohiyo. Inabaki pale, haina jina tu, mpaka picha nyingine ije ilale juu yake. Na ile nyekundu, kwa uzito wake, ilikuwa haitumiki ovyo. Ilikuwa kwenye droo ya studio. Angetumia ile programu ya kurudishia picha, aliyowahi kumsaidia nayo bwana harusi mmoja aliyefuta harusi yake mwenyewe.

"Kitinda yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko nje," mama mdogo alijibu, "anapiga picha za waliokuja kutoa pole. Tangu alfajiri, mtoto wa watu. Hajapumzika."

Mama Usiguse alipiga hesabu ya kadi. Kadi za kijani, bluu na zambarau zilikuwa zimejaa kazi za watu. Yeye mwenyewe ndiye aliyezijaza.

Alitoka bila viatu. Uwanjani chini ya turubai watu walikuwa wamepangwa kwenye viti, na mbele yao Kitinda amepiga goti, kamera usoni, kidole kimekandamiza, kamera inalia trrrrrrr, picha juu ya picha, kama anafyatua njugu.

"Acha kupiga!"

Watu wote waligeuka.

"Kitinda, acha! Acha nasema! Kadi gani hiyo?"

"Dada, punguza sauti, wageni…"

"Kadi gani!"

Kitinda alielewa. Na badala ya kutulia, akafanya walichozoea kufanya watu wa aina yake wakishtuka: akakimbilia kijimlango cha kadi aichomoe. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inapepesa. Kamera ilikuwa bado inaandika zile picha za mwisho, na kadi ikichomolewa wakati inaandikwa inaweza kufa yote, na vilivyomo vyote vikaenda nayo.

"USIGUSE!"

Shangazi yao, dada yake baba, aliyekuwa kwenye kiti cha mbele na leso machoni, alisimama. "We binti! Mama yako yuko ndani hajazikwa, wewe unapigia kelele kikamera?"

Mama Usiguse alikuwa ameshafika, ameitoa kamera mikononi mwa mdogo wake taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala, na sasa alisimama katikati ya waombolezaji akiitazama taa. Ilipepesa. Ilipepesa tena. Kila ilipopepesa, picha moja ya watu waliokaa kwenye viti ilikuwa inatafuta pa kulala, na pengine ilikuwa inalala juu ya mama. Kuizima hakuweza. Kuharakisha hakuweza. Alisimama akasubiri imle mama yake mpaka ishibe. Machozi ya hasira yalimtiririka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kamera.

Taa ilizima. Akafungua kijimlango, akatoa kadi nyekundu, akasukuma kile kifuli kidogo cha pembeni ili isiandikwe tena.

"Tangulia studio," alimwambia Kitinda. "Na usinisemeshe."

Programu ilifanya kazi yake bila haraka, na wao wawili walikaa mbele ya kompyuta bila kugusana mabega. Vikaanza kurudi vitu. Uso wa mtu wa pasi. Nusu ya mtu wa pasi, nusu nyingine kijivu. Stuli tupu. Kisha mama: paji la uso tu, chini yake pamekwisha, pamejaa mistari ya rangi. Mama tena, na uwanja wa turubai umekata shingo yake. Mama tena, kijivu kitupu kuanzia puani. Kila moja ilipofunguka Kitinda alitoa sauti ndogo kooni, na dada yake hakumwonea huruma hata chembe. Alitamani amzabe kofi. Alitamani mama awepo amzabe yeye.

Ikaja nyingine. Ilifunguka kuanzia juu, ikashuka, ikaendelea kushuka, haikukatika.

Haikuwa ile iliyotulia. Ilikuwa ile iliyofutwa palepale kwenye kamera, mama alipogeuka kumfokea Kitinda. Mdomo wazi, macho yamemtoka, kidole hewani, gauni la heshima limepanda bega moja. Na kwa kuwa alikuwa amegeuka, alama ilikuwa imehama kutoka kwenye njia ya doa. Ilikuwa palepale shavuni, nyeusi, ya kwake. Doa la mate lilikuwa ukutani nyuma yake, mbele kidogo ya ncha ya kidole.

Kitinda alilia kwa sauti. Kisha, kwa mazoea, mkono wake ukanyooka kwenye kipanya. "Nifute lile doa tu, dada. Kwa mkono. Taratibu."

Alimpiga ule mkono, pa! Ikaprintiwa vilevile.

Sebuleni shangazi aliipokea kabla ya baba na karibu azimie. "Hii ndiyo ya kuweka mbele za watu? Marehemu anafoka? Watu watasema nini? Na huyo mdudu ukutani je?"

"Shangazi, naomba umpe baba."

"Nakwambia ni aibu hii! Mimi sijawahi kuona—"

"Nimesema mpe baba!" Mama Usiguse alifoka, mdomo wazi, macho yamemtoka, na kidole kilikuwa hewani kabla hajajua amekiinua. Shangazi alimtazama yeye, akaitazama picha. Akampa baba.

Mzee alivaa miwani. Aliweka kidole kwenye shavu, juu ya alama, akakiacha hapo. Mabega yalianza kumtikisika, na watu hawakujua kama analia au anacheka, hata yeye nadhani hakujua.

"Hapa alikuwa anamgombeza nani?"

"Mimi, baba," Kitinda alisema.

"Basi ndiye," alisema mzee. "Iwekeni mbele."

Ikawekwa mbele. Waliokuja kumzika mama walipita mmoja mmoja mbele ya mwanamke anayefoka, na wengi waliomfahamu walishindwa kujizuia, wakatabasamu na machozi yao.

Vile vijiti vilifika baada ya mazishi, muuzaji akiwa na maneno mengi. Mama Usiguse alimpa vidonge vyake, akafunga madirisha, akazima feni, akaosha mikono. Betri ilikuwa imejaa, maana ikikata katikati ya kazi kioo kingine kinachokaa mbele ya sensa hushuka na kukuta kijiti ndani. Akatia tone la maji kwenye kijiti, akakiburuta juu ya sensa mara moja kwenda, akakigeuza, mara moja kurudi. Akapiga ukuta mweupe, tundu limebanwa mpaka mwisho. Akaikuza picha kwenye kompyuta, akaipitia pembe kwa pembe.

"Limetoka!" Kitinda aliruka. "Dada, limetoka kabisa!" Furaha ikamzidi, akageukia nakala ya picha ya mama iliyotundikwa juu ya kaunta. "Sasa na lile la pale, nilifute, tuprinti mpya? Si faili tunalo?"

Mama Usiguse aliitazama picha. Mama alikuwa na kidole chake hewani, na mbele ya kidole kulikuwa na mate ya mwanawe wa mwisho, yameganda ukutani.

"Usiguse," alisema. "Mama hajamaliza kukugombeza."